Mke wangu alifariki baada ya kujifungua, sasa ni mwezi wa kumi. Muda wa kushtaki bado upo?

Baba Zuhura ameuliza:

Asalaam alaykum, na wasio Waislamu hamjambo. Naomba msaada wa mtu anayeijua sheria ya Kenya, kwa sababu kila ninayemuuliza ananipa muda wake. Mmoja asema mwaka, mwingine miaka mitatu, mwingine sita. Wakili niliyempigia simu alitaka kwanza nilete pesa ya kufungua faili ndipo tuzungumze.

Mke wangu, Allah amrehemu, alikuwa na miaka 31. Alikuwa fundi cherehani, ashona madera na sare za shule, na ada ya watoto ilitoka kwenye cherehani ile, si kwenye mshahara wangu wa ulinzi. Mimba ilikuwa ya tatu. Zile mbili za kwanza alijifungua salama, hakushonwa hata uzi mmoja.

Uchungu ulimshika alfajiri, nikampeleka kliniki ya binafsi iliyo karibu na kwetu, ndiko alikokuwa akihudhuria. Alikaa pale mchana kutwa. Kila nikiuliza naambiwa njia yafunguka polepole, subiri. Magharibi imeshaingia ndipo wakasema mtoto amechoka, tumpeleke hospitali ya kaunti, wakanipa barua ya rufaa. Ambulensi hawakuwa nayo. Tulikwenda na teksi, dada yake amemshika mgongo. Hospitalini alipasuliwa usiku huo, mtoto akatoka hai, wa kiume, alhamdulillahi ni mzima mpaka leo. Tukaambiwa mama naye yuko sawa, analetwa wodini.

Dada yake ndiye aliyeruhusiwa kukaa naye. Asema shuka lilirowa, akamwita nesi, nesi akabadilisha shuka akaondoka. Likarowa tena. Alipomwita mara nyingine aliambiwa damu baada ya kupasuliwa ni kawaida. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Saa tisa usiku ndipo nikaambiwa nitafute watu wa kutoa damu. Saa tisa usiku nitampata nani? Nilipiga simu kwa kila jina lililokuwemo kwenye simu yangu. Shemeji yangu na rafiki yake walifika kabla ya adhana ya alfajiri. Walikuta keshakata roho.

Tulimzika siku ile ile baada ya Alasiri. Hakupasuliwa kuchunguzwa. Wazee hawakutaka na mimi sikuwa na akili ya kulifikiria jambo hilo.

Baada ya arubaini nilianza kufuatilia. Nilipeleka lalamiko kwa Baraza la Madaktari, wakanijibu kwamba wamelipokea na watanijulisha. Faili yake hospitalini sijapewa. Leo naambiwa nenda kumbukumbu, kesho naambiwa iko kwa mkuu wa wodi. Siku moja karani mmoja alinionyesha akiwa ameishika mkononi, nikaona karatasi ya chati ambayo saa imeandikwa kwa wino mweusi juu ya maandishi ya buluu, kisha akaifunga.

Maswali yangu ni haya. Muda wangu ni upi hasa? Na je, maadamu lalamiko liko kwa Baraza, saa ya kushtaki imesimama au yaendelea? Sitafuti utajiri. Nataka mtu asimame mbele ya hakimu aeleze kwa nini mwanamke alitokwa na damu kutoka usiku hadi alfajiri na watu wako macho.

Kijana wa Majengo amejibu:

Pole sana kaka. Sheria ya Kenya ni miaka mitatu, hilo halina ubishi. Bado una miaka miwili na zaidi, kwa hivyo usiwe na presha. Subiri Baraza litoe uamuzi, kisha wakili akiwa na ile ripoti mkononi kesi inakuwa nyepesi. Ndivyo walivyofanya jamaa zangu.

Karani Mstaafu amejibu:

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole mwanangu. Mimi si wakili. Nimefanya kazi masjala ya korti hapa Pwani hadi nilipostaafu, na nimepokea kwa mikono yangu kesi za watu waliofiwa ambazo zilikufa kwa sababu ya tarehe peke yake, kabla shahidi hata mmoja hajapanda kizimbani. Kwa hiyo nitasema wazi: usifuate shauri la kijana hapo juu. Nia yake ni njema, lakini kwa hali yako litakuponza.

Wewe una wadaiwa wawili, na kila mmoja ana saa yake.

Kliniki ya binafsi ni miaka mitatu. Iko kwenye Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, kifungu cha 4: madai ya uzembe ni miaka mitatu, ya mkataba ni sita. Nadhani ile sita uliyoambiwa imetoka hapo. Usiishike, kwa sababu kesi ya kifo huendeshwa kama uzembe. Na Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, nayo yasema kesi ya wategemezi wa marehemu ifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu kifo.

Hospitali ya kaunti ni habari nyingine. Kuna sheria ndogo ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia, Sura ya 39, inayohusu ukomo wa muda kwa mamlaka za umma. Kifungu chake cha 3 chasema madai ya uzembe dhidi ya Serikali au serikali ya mitaa yafunguliwe ndani ya miezi 12. Kumi na miwili, si thelathini na sita. Mawakili hubishana kortini kama serikali za kaunti za leo ndizo zile serikali za mitaa zilizotajwa mle. Waache wabishane kwenye kesi za watu wengine. Wewe hesabu miezi 12, na uihesabu kuanzia usiku ule alipoingia hospitalini, wala si kuanzia tarehe iliyo kwenye cheti cha kifo. Hapo hakuna atakayekukamata.

Uko mwezi wa kumi. Maana yake huna miaka miwili. Una wiki chache.

Swali lako la pili: saa haikusimama. Baraza la Madaktari kazi yake ni leseni. Laweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfutia, na ripoti yake ikitoka mapema ni silaha nzuri kortini. Lakini lalamiko lililoko kule halizuii siku hata moja huku. Nimewaona watu wakija na barua ya Baraza iliyotoka mwaka wa pili, imewapa haki kila neno, na wakili wa upande wa pili anainuka na jambo moja tu: tarehe ya kufungua kesi. Tena jua kwamba Baraza hilo ni la madaktari. Manesi wana baraza lao, na maafisa wa kliniki wana lao. Ikiwa aliyepuuza shuka lile alikuwa nesi, Baraza la Madaktari halitamgusa.

Sasa, nani afungue kesi. Hapa ndipo wengi huanguka. Madai ni ya namna mbili, ingawa hupelekwa kwenye hati moja. Kuna ya mirathi, chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26: maumivu aliyoyapata kabla ya kufa, na umri aliokatiwa. Haya hayafunguliwi na mtu hivi hivi kwa kuwa ni mume. Lazima uwe na hati ya usimamizi. Mahakama ya Rufani ilishasema hayo tangu miaka ya 1990, kwamba msimamizi wa marehemu asiyeacha wosia hana miguu ya kusimama mpaka hati itoke, na akifungua kesi kabla yake, hata akiipata baadaye haiponyi kesi ile. Usiogope neno mirathi ukadhani ni shughuli ya miaka. Kuna hati ya muda, korti tunaiita ad litem, ya kufungulia kesi tu, si ya kugawa mali. Waomba kwa cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, nakala za vitambulisho na hati ya kiapo. Nenda kwa chifu kesho asubuhi. Si keshokutwa.

Ya pili ni madai ya wategemezi chini ya Sura ya 32: riziki mliyoipoteza wewe, watoto, na wazazi wake. Haya kwa kawaida hufunguliwa na msimamizi, ila miezi sita ikipita tangu kifo bila msimamizi kufungua, wategemezi wenyewe wanaruhusiwa. Wewe umeshapita miezi sita. Kwa hivyo hata hati ikichelewa, wakili ana njia ya kufungua hili lisife. Lakini kesi ni moja tu kwa wategemezi wote, hakuna ya pili. Waandikwe wote tangu mwanzo, na mama mkwe wako na baba mkwe wamo. Ndugu zake wa kuzaliwa hawamo.

Jambo jingine: hospitali ya kaunti si mtu mbele ya sheria. Mdaiwa ni serikali ya kaunti. Na kliniki ile, tafuta imesajiliwa kwa jina la nani, kampuni au daktari mwenyewe, usije ukashtaki ubao wa mlangoni.

Nesi wa Wazazi amejibu:

Baba Zuhura, pole sana. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi na nimesoma maelezo yako nikasimama nikatembea kidogo kabla ya kuandika.

Yale ya sheria mzee ameyasema. Mimi nitakuambia cha kutafuta ndani ya faili, kwa sababu ukipewa bila kujua utapewa karatasi ya kuruhusiwa na cheti, utaambiwa ndiyo hiyo.

Mama aliyepasuliwa hupimwa shinikizo la damu na mapigo ya moyo kila baada ya dakika chache katika saa za mwanzo, na kila kipimo huandikwa na saa yake. Hiyo ndiyo chati ya kwanza ya kuomba. Mama anayevuja, mapigo hupanda kwanza, shinikizo hushuka baadaye. Chati ikiwa imejazwa kweli, itaonyesha saa ambayo mapigo yalianza kukimbia. Chati ikiwa na mistari mitupu ya saa mbili au tatu, mtaalamu ataisoma mistari mitupu. Na ile uliyoiona, wino juu ya wino, mwambie wakili wako leo leo aombe ya asili ihifadhiwe, si fotokopi. Kwenye fotokopi wino wote ni mweusi.

Tafuta pia karatasi ya dawa. Mama akivuja baada ya kujifungua huwa kuna oksitosini ya kufanya mfuko wa uzazi ukaze, na kuna traneksamiki asidi, dawa ya kupunguza kuvuja kwa damu, ambayo Shirika la Afya Duniani tangu 2017 linataka itolewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Iwe imeandikwa ilitolewa saa ngapi na nani aliweka sahihi. Kisha fomu ya kuagiza damu: iliagizwa saa ngapi, maabara waliipokea saa ngapi, walijibu nini. Wewe uliambiwa saa tisa usiku. Mimi ningetaka kujua fomu ile ina saa gani, na kama kabla ya upasuaji damu yake ilipimwa kundi na kuwekewa akiba. Mwisho ni daftari la chumba cha upasuaji, ambapo huandikwa damu aliyopoteza kwa mililita. Kwa upasuaji, lita 1 ikipita hiyo si kawaida, yeyote aseme asemalo.

Na barua ya rufaa ya kliniki! Iko wapi? Ina saa waliyokubali kwamba wameshindwa. Partografu yao pia, ule mchoro wa maendeleo ya uchungu, nayo iombwe. Mama aliyekaa mchana kutwa njia imekwama, mfuko wa uzazi huchoka, na mfuko uliochoka haukazi baada ya mtoto kutoka. Kwa hivyo kliniki wasije wakasema alitoka kwetu mzima.

Sisemi nani ana kosa. Sijaiona faili. Lakini kutokwa na damu ndiko kunakoua mama zetu wengi baada ya kujifungua, na tiba yake inajulikana.

Mama Fahad amejibu:

Shemeji yangu, nakuita hivyo kwa kuwa msiba umetufanya ndugu. Mimi ni mjane. Mume wangu alikwenda hospitali ya binafsi kwa upasuaji wa ngiri akarudi kwenye jeneza. Kesi yetu bado iko kortini.

Faili, acha kwenda kuomba kwa mdomo. Maneno ya mdomo hayana tarehe. Andika barua kwa mkuu wa hospitali, nakala mbili. Taja Sheria ya Kupata Habari ya 2016 na kifungu cha 35 cha Katiba, sema wewe ni mume wa marehemu, taja jina, nambari ya mgonjwa na tarehe. Peleka mwenyewe, ile nakala ya pili wapige muhuri na tarehe, urudi nayo. Kwa sheria ile wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, unakwenda Tume ya Haki ya Utawala, ofisi ya Ombudsman, bure. Mimi walipoona muhuri wao wenyewe kwenye mkono wangu ndipo faili iliyopotea ikapatikana. Lakini kwa muda ulio nao, usingoje faili ndipo ufungue kesi. Wakili anaweza kufungua kwa uliyoyaona, na korti ikaamuru hospitali ilete hati.

Pili, andika. Keti na shemeji yako, yaani dada wa marehemu, msikilize kuanzia teksi mpaka alfajiri, uandike kwa maneno yake yeye. Nesi aliitwa mara ngapi, nesi alikuwa na umbo gani, taa zilikuwa zimewashwa, kitanda cha jirani alikuwa nani. Yule mama wa kitanda cha jirani ni shahidi. Watu husahau, na mwaka wa tatu wakili wa hospitali atamuuliza rangi ya sare.

Orodha ya simu ulizopiga usiku ule ukitafuta damu, ichapishe kampuni yako ya simu kabla haijafutika. Inaonyesha dakika uliyoambiwa.

Tatu, juu ya pesa ya wakili. Usikubali mkataba wa mdomo wa tutagawana nikishinda. Sheria ya mawakili hapa Kenya haiutambui mkataba wa kulipwa kwa kushinda tu, na ndio huleta ugomvi baadaye. Ikiwa mfukoni hamna kitu, nenda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au Kituo cha Sheria, wana ofisi Mombasa. Na muulize wakili kabla hujamlipa: umewahi kuendesha kesi ya hospitali, au ni za ajali za matatu tu? Kesi ya hospitali inataka daktari bingwa wa kukuandikia ripoti na kusimama kortini, na madaktari hawapendi kusimama dhidi ya wenzao. Sisi tulimpata wa mji mwingine kabisa.

Mtanga amejibu:

Poleni sana ndugu zetu. Naongezea kwa wasomaji wa upande wetu ili wasije wakachukua hesabu za Kenya. Huku Tanzania madai ya uzembe ni miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, lakini hospitali ikiwa ya Serikali lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe kwenye kesi. Hizo siku 90 ukizisahau mpaka mwisho wa mwaka wa tatu, umekwisha.

Baba Zuhura ameandika tena:

Allah awalipe kheri nyote. Barua ya rufaa ninayo. Ilikuwa kwenye mkoba wa dada yake, imekunjwa mara nne, ina doa la damu pembeni. Imeandikwa saa 1:40 jioni, na shinikizo lake limeandikwa. Chifu nimeshampigia, ameniambia nije saa tatu na wazee wawili wa mtaa.

Yamebaki mawili. Moja, mama mkwe wangu hataki kesi. Asema ajali haina kinga, siku ya mtu ikifika imefika, na kushtaki ni kumpinga Mola na kumhangaisha marehemu kaburini. Yeye ndiye analea kichanga, siwezi kumvunjia heshima. La pili, wapo wanaosema bila kufukua kaburi na kumchunguza hakuna kesi. Hilo sitalikubali hata kama ndiyo kesi yenyewe.

Na mzee, je, nikikosa hizo wiki, mlango umefungwa kabisa?

Karani Mstaafu amejibu:

La kaburi kwanza, ulale. Uchunguzi wa maiti ungesaidia, lakini kesi hii haisimami juu yake. Yasimama juu ya chati, daftari la upasuaji, fomu ya damu, dada yake, na bingwa atakayezisoma hizo karatasi. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, sikufichi, lakini hata hospitali itaulizwa karatasi ziko wapi. Hakuna anayeweza kumfukua bila kibali cha kisheria, na wewe hukukiomba.

La mama mkwe. Nenda umuone, umweleze kwa adabu, wala usimfiche, kwa sababu jina lake litakuwemo kwenye hati kama mtegemezi. Mwambie kauli ya kwamba ajali haina kinga ni ya kweli, na bado dini yetu hiyo hiyo ina diya kwa aliyeuawa kwa makosa, na Qurani imeitaja kwenye Suratun Nisaa. Kuamini qadari hakujamzuia mtu kudai haki ya yatima. Kama ataona uzito, mpeleke kwa imamu anayemwamini yeye, si unayemwamini wewe. Na umwambie kwamba cherehani ya binti yake itahesabiwa. Korti huangalia marehemu alikuwa akiingiza nini kwa mwezi, sehemu gani ilikwenda kwa wategemezi, na kwa miaka mingapi ingeendelea. Kwa hiyo kusanyeni daftari lake la wateja, risiti za vitambaa, ujumbe wa simu wa malipo ya sare. Mwanamke anayeshonea nyumbani husemwa hakuwa na kazi. Msikubali hilo liandikwe.

La tatu, mlango. Kuna kifungu cha 27 na 28 cha Sura ya 22, cha kuomba ruhusa ya korti baada ya muda kupita. Ni kwa mtu ambaye mambo ya msingi ya kesi yalikuwa yamefichika kwake, na akiyajua anapewa mwaka mmoja afungue. Kutojua sheria si sababu. Kusubiri Baraza si sababu. Wewe ulijua tangu alfajiri ile kwamba alivuja damu bila kuangaliwa, kwa hivyo nakwambia kwa upendo, kwako mlango huo ni mwembamba sana. Wengine hukimbilia kesi ya haki za Katiba, ambayo haina muda uliowekwa namna hiyo. Mahakama Kuu ya Bungoma mwaka 2018 ilimpa shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini kwa njia hiyo. Wakili wako aweza kuiweka kando kama akiba, ila majaji nao huuliza kwa nini umechelewa, na huwa hawapendi njia hiyo ikitumiwa kukwepa ukomo.

Wakili akiandika barua ya notisi kwa kaunti, aipeleke wiki hii. Ile notisi ya siku 30 ambayo sheria ya Kenya ilitaka Serikali ipewe kabla ya kushtakiwa, Mahakama Kuu iliitangaza kinyume cha Katiba mwaka 2012, lakini mawakili wa upande wa pili hupenda kuitaja, basi afadhali iwepo. Siku zikibana, kesi ifunguliwe bila kungoja jibu. Siku hizi hufunguliwa kwa mtandao wa Mahakama, na kinachohesabika ni siku ada imelipwa, si siku ya kupandisha karatasi. Lipeni siku hiyo hiyo na mhifadhi risiti.

Ukitoka kwa chifu pitia kwangu. Nimekutumia namba kwa ujumbe wa faragha. Njoo na cheti cha kifo, hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu, kile cha kichanga kama hakijatoka njoo na karatasi ya hospitali, na barua ya rufaa usiikunjue tena, itie kwenye plastiki kama ilivyo.

Baba Zuhura ameandika:

Nitakuwa kwako kabla ya Adhuhuri inshallah. Hati ya ndoa iko kwa mama mkwe, kwa hivyo napitia kwake kwanza, na huko ndiko nitakakomwambia.